Shahidi wa Chini ya Lori

Mwezi wa kumi, mwaka wa sabini na tano, Malaba nzima, pale mpakani na Uganda, ilikuwa inaomba foleni ya malori isonge. Mtu mmoja tu aliomba isisonge, na huyo hakuwa na lori wala mzigo. Alikuwa mwalimu Apeduno, na sababu yake ilikuwa ndege mwepesi kuliko barua.

Ngoja nianze na huyo ndege, kwa maana yeye ndiye mkubwa wa habari hii, hata kama ukimfunga kwenye ngumi hakuna mtu atajua umeshika kitu.

Kila mwaka mvua ya vuli ikianza kunusa huku kwetu, wanaingia ndege wadogo kutoka Ulaya, wanakimbia baridi. Ni wa kijani-kijani, hawatulii. Unaona jani limetikisika, unaangalia, ni jani. Unaangalia jani la pili, ni jani pia. Unaachana na hayo majani, na lile la kwanza linaruka linaenda zake. Kitabu cha mwalimu kilikuwa na sita wa namna hiyo kwenye ukurasa mmoja, wamesimama kwa mstari kama watoto wa baba mmoja siku ya picha. Mimi niliwaangalia mwezi mzima nikamwambia, "Mwalimu, hapa mchoraji alichora mmoja, halafu akalipwa pesa ya sita."

Hakucheka. Kwa ndege, Apeduno hakuwa anacheka.

Wawili kati ya hao ndio walikuwa shida yake. Mmoja Wazungu wanamwita *willow warbler*. Huyo yuko kila mahali, mpaka kwenye ua wa choo cha shule, kwa hivyo mimi nilimwita Wa Kawaida. Wa pili ni *wood warbler*, na upande wetu wa Kenya huyo ni nadra kama ofisa mwenye haraka. Huyo nikamwita Mgeni. Wa Kawaida chini yote amepakwa njano ya kubahatisha, kama chai ya kantini. Mgeni ana njano safi kooni na kifuani, halafu inakatika hapo hapo, na tumbo ni jeupe kabisa. Ukiona tumbo, umemaliza kesi. Usipoona tumbo, umeona jani.

Apeduno alikuwa anafundisha bayolojia shule ya wasichana, kilomita chache kutoka Malaba. Mteso wa hapo hapo, mrefu, anaendesha baisikeli akiwa ameinua kichwa juu kwenye miti, na mitaro yote ya barabara ile ilikuwa inamjua. Mwaka wa sabini na tatu alimwona Mgeni, akaandikia kamati ya ndege huko Nairobi. Wakamjibu kwamba asante, lakini pengine alimwona yule wa kawaida. Mwaka wa sabini na nne akamwona tena, akaandika kurasa nne. Wakajibu mistari mitatu: asante, macho humchezea mtu akitamani sana, na kwa ndege kama huyu kamati inataka mashahidi wawili, kila mmoja aandike peke yake bila kuona ya mwenzake.

Hiyo ya macho kumchezea ilimwingia kama mwiba wa samaki. Barua aliificha, lakini walimu wenzake waliipata, na tangu hapo akisema chai imekwisha kwenye birika, kuna mtu anamuuliza, "Una shahidi?"

Na sasa alikuwa amepata uhamisho. Januari anaenda kufundisha Makindu. Hii ilikuwa Oktoba yake ya mwisho Malaba. Akiondoka bila huyo ndege kuandikwa, atabaki kwenye faili la Nairobi kama mwanamke aliyeona majani mara mbili.

Ndipo akanitafuta mimi. Mimi ni Makokha, bwana kilimo wa Bukhayo, na kazi yangu ilikuwa kutembea kwenye mashamba ya pamba nikitafuta mdudu aliyejificha ndani ya tumba. Alisema mambo mawili ndiyo yamemleta: nina macho mepesi, na nina diploma.

"Diploma inaona ndege?" nikamuuliza.

"Haioni. Lakini Nairobi wataiona."

Basi nikawa shahidi wa pili, na kwa wiki mbili nikafundishwa Wa Kawaida mpaka nikamwota.

Jumamosi tarehe kumi na moja, kama saa nne asubuhi, tulikuwa kwenye yadi ya malori nyuma ya stesheni. Kuna mkuyu mkubwa pale, na malori yalikuwa yamejipanga chini yake siku ya tano, karatasi hazitoki. Madereva walikuwa wamefua, wamenyoa, wamecheza karata mpaka malkia zimechakaa. Apeduno alikuwa na darubini yake, ile ambayo jicho moja lina ukungu. Mimi nilikuwa na macho yangu tu.

"Kanyaga polepole, Bwana Kilimo. Unatembea kama unapima shamba."

"Nimezoea kupima. Huyo ndege anatoka wapi tena?"

"Wengine Ujerumani, wengine Urusi."

"Mwalimu, tuko mpakani. Urusi sema kwa sauti ndogo."

Hapo akanishika mkono, akanikata na kucha. Kwenye tawi la chini, lile linalokaribia kugusa turubai ya lori moja la buluu, kulikuwa na kijani. Halafu ile kijani ikageuza kichwa. Niliona mstari wa njano juu ya jicho. Niliona koo, njano safi kama ganda la ndimu iliyoiva. Niliona mbawa ndefu, amezilegeza chini kidogo kama koti limening'inia kwenye mabega ya mtu mwembamba. Kutoka kifuani kwenda chini kulikuwa na jani. Jani moja tu la mkuyu, pana kama sahani. Nikainama, jani likainama. Nikaenda kushoto, na ndege akaenda zake.

Apeduno alikuwa amesimama hatua tatu kulia kwangu. Alikuwa amefunga macho, midomo inacheza, anakariri asisahau.

"Umeona—" nikaanza.

"Nyamaza! Usiniambie! Nenda uandike!"

Akanisukuma upande mmoja wa yadi, yeye akaenda upande mwingine. Tukaandika tumepeana mgongo kama watu wamegombana, na madereva wakapata mchezo mpya wa kuangalia. Mmoja alitoa kichwa chini ya lile lori la buluu, uso wote grisi, akauliza, "Mzee, mama amekukatalia?"

"Bado tunaandikiana," nikamjibu.

Sasa, kamati ilitaka fomu zao zijazwe kwa taipu ikiwezekana. Na Malaba taipureta nzuri ilikuwa kwa Okal.

Okal alikuwa *clearing agent*, mtu wa kupitisha mizigo kwenye kastam. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja karibu na reli: meza, taipureta, msumari mrefu uliosimama kwenye kibao wa kuchomea karatasi zilizokwisha kazi, na karatasi ya kaboni kwenye kila kitu, mpaka kwenye vidole vyake. Roho yake ilikuwa nzuri sana. Ukimwomba maji anakuletea na nakala tatu.

"Nyar Teso, leta hapa," akamwambia Apeduno, maana Wajaluo msichana wa kwa watu wanamwita hivyo, nyar. "Nitapiga taipu safi mpaka Nairobi walie. Na wewe, boss, leta yako."

"Usituonyeshe ya mwingine," Apeduno akasema.

"Mimi ni kaburi."

Mwalimu alikuwa na mtihani wa kusahihisha, mimi nilikuwa na mkutano wa wakulima Bukhayo. Okal akatoa fomu mbili tupu, akaweka alama ya X chini ya kila moja.

"Sahihi hapa."

"Hakuna kitu kimeandikwa, Okal."

"Boss, hivyo ndivyo kazi inaenda. Ukingoja karatasi ijae ndiyo uweke sahihi, hakuna gari itawahi kufika Kampala."

Tukaweka sahihi. Na hapo, msomaji, usinicheke peke yangu. Mwalimu wa bayolojia naye aliweka.

Jumatatu saa sita nilipitia kwa Okal. Bahasha ilikuwa mezani tayari, ingepanda treni ya jioni. Akanipa nakala yangu akiwa ametabasamu mpaka gego. Nikaanza kusoma. Koo njano, sawa. Mstari juu ya jicho, sawa. Halafu: "Tumbo jeupe kama chumvi, lililotengana waziwazi na njano ya kifua."

Nikasoma tena. Nikachukua nakala ya Apeduno. "Tumbo jeupe kama chumvi, lililotengana waziwazi na njano ya kifua." Miguu kwake, "kahawia ya njano." Miguu kwangu, ambayo mimi niliandika myeusi, "kahawia ya njano." Hata saa. Mimi niliandika kama saa nne na robo. Sasa wote tulikuwa saa nne na dakika kumi na mbili.

"Okal, umefanya nini?"

"Nimerekebisha." Alisema bila wasiwasi, kama fundi anakuambia breki iko sawa. "Karatasi zenu zilikuwa hazikubaliani, boss. Huyu anasema miguu hivi, wewe miguu vile. Yeye ana tumbo, wewe huna tumbo. Invoisi inasema magunia mia mbili na manifesti inasema mia na tisini, hiyo gari itasonga? Haisongi! Miaka kumi na moja kwa hii kazi, karatasi yangu haijawahi kurudishwa."

"Lakini mimi sikuona tumbo."

"Mwalimu ameona. Yeye ndiye mwenye mzigo."

Hapo hapo Apeduno akaingia na baisikeli yake mpaka ndani, anahema. Alikuwa ametoroka saa ya chakula, somo lilikuwa linamngoja saa nane. Alikuja kuibusu bahasha, nafikiri. Mimi nikampa zile nakala mbili, moja juu ya nyingine. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, na uso wake ukafunguka.

"Uliona pia! Bwana Kilimo, uliona kama mimi!"

Nimewahi kumwambia mkulima kwamba pamba yake yote imeliwa. Ilikuwa rahisi kuliko hiyo.

"Mwalimu, hayo ni maneno ya Okal. Yangu yako pale kwenye msumari."

Akachomoa karatasi yangu ya mkono kutoka kwenye ule msumari, ina tundu katikati. Nilikuwa nimeandika mwishoni: "Tumbo sikuona. Kulikuwa na jani." Akaisoma amesimama. Akakaa kwenye kiti cha wateja, zile karatasi tatu kwenye mapaja.

"Peleka tu, nyar Teso," Okal akasema, sasa kwa upole. "Kweli uliona ama hukuona?"

"Niliona."

"Basi si uongo. Ni kweli, imepigwa taipu mara mbili."

Nitakuambia ukweli, na mimi nilinyamaza. Nilimpenda yule mwalimu kama dada, na nilijua Januari iko karibu. Kama angeniuliza, Makokha, tupeleke? sijui ningesema nini. Diploma hawakutufundisha hiyo.

Hakuniuliza. Alichukua zile fomu za taipu, zote, na nakala, na nakala za nakala, akazirarua vipande vidogo, polepole, kama mtu anachambua mboga. Okal alifumba macho. Nadhani ilimuuma kuliko kung'olewa jino.

"Watasema tumenakiliana," Apeduno akasema. "Na watakuwa sawa. Nitapeleka za mkono, yangu na hii yenye tundu."

"Lakini yangu haina tumbo," nikasema.

"Haina. Basi wataniandikia mistari mitatu tena. Nishazoea."

Alisema hivyo lakini kidole chake kilikuwa kinazunguka lile tundu. Shahidi mmoja na nusu, na ile nusu ndiyo ilikosa kitu chenyewe.

Hapo mlango ukajaa. Aliingia dereva wa lile lori la buluu, yule wa grisi, sasa amenawa. Jina lake Kiprono, mtu wa Nandi, mabega kama kabati. Alikuja kuuliza karatasi zake, kama alivyouliza kila siku, asubuhi na mchana, kwa siku saba.

"Bado," Okal akasema.

Kiprono akamwona Apeduno, akatabasamu. "Ah, madam wa ndege! Mliipata hiyo ndege yenu ya Jumamosi? Mimi niliiona vizuri kuwashinda. Nyinyi mlikuwa mnacheza densi huko kando, mimi nimelala chini nafunga spring, inakuja inakaa hapa juu ya macho yangu. Iko na—"

"Nyamaza!"

Apeduno alikuwa ameruka kutoka kwenye kiti mpaka nikadhani atamfunika mdomo na mkono. Kiprono akarudi nyuma hatua moja, mtu mkubwa vile.

"Usiseme kitu," akamwambia. "Umesikia tukisema nini hapa ndani?"

"Nimesikia karatasi ikiraruka tu. Nimefanya kosa gani, mama?"

"Hakuna kosa. Unajua kuandika?"

"Mimi nilifika darasa la saba!"

"Basi utaandika uliyoona Jumamosi, yote, kwa mkono wako, na hakuna mtu atakuambia kitu. Kiswahili ni sawa, Nairobi watasoma. Okal, mpe karatasi na kalamu. Karatasi moja! Bila kaboni!"

Kiprono alikuwa ndiyo tu amekaa chini ndipo filimbi ikapigwa nje, na honi ya kwanza, halafu honi ishirini. Mtu akapita dirishani anakimbia, anapiga kelele: geti limefunguliwa, malori ya buluu na yale ya Kericho yote yamekubaliwa kupita, karatasi zao ziko dirisha la kwanza la kastam! Okal akatoka kama risasi akarudi na rundo la karatasi zina mihuri mibichi. Za Kiprono zilikuwa juu kabisa.

Kiprono akasimama. "Madam, nitaandika nikirudi."

"Utarudi lini?"

"Naenda Kampala, halafu Mbarara, halafu Kigali. Mungu akipenda, Krismasi. Ama baada."

"Krismasi utakuwa umesahau. Ama mtu atakuwa amekueleza."

"Sasa nifanye nini? Nikikaa, mia moja nyuma yangu wataniua."

Mwalimu Apeduno akainua uso kwenye mabati ya Okal, akasema, kwa sauti, mbele ya watu, "Ee Mungu, simamisha hayo malori, hata robo saa tu!"

Okal akamsogelea, karatasi za Kiprono kifuani. "Nyar Teso, mimi naweza kupoteza moja ya hizi. Dakika kumi tu. Naitafuta chini ya meza, naipata."

Huu nao ulikuwa wema wake. Kiprono alikuwa anatuangalia, mmoja mmoja. Siku saba alikuwa amelala kwenye kibanda cha gari.

"Mungu namwomba," Apeduno akasema. "Wewe sikuombi. Mpe mtu karatasi zake."

Akapewa. Na Mungu, ambaye labda pia anapenda ndege, alisimamisha kidogo, akaachilia kidogo, akasimamisha kidogo. Foleni ya Malaba haijawahi kwenda mbio hata ikifunguliwa. Inaenda urefu wa gari moja, inasimama, inawaza. Kiprono alipanda na ile karatasi, akaiweka juu ya usukani, na kila waliposimama aliandika. Kila walipotoka aliiuma na meno akaendesha. Sisi watatu tulikuwa tunatembea kando ya mlango wake, Apeduno anasukuma baisikeli, Okal amebeba wino kama mhudumu wa kanisa.

"Madam!" Kiprono akatoa kichwa. "Hii rangi, nikisema ndimu na nikisema njano, ni sawa?"

"Andika ulivyoona."

"Lakini gani ndiyo nzuri?"

"Kiprono, mimi siwezi kukuambia!"

"Kifua ya ndege inaitwa kifua ama?"

Apeduno alikuwa ameuma kitambaa cha kichwa. Mwanamke aliyefundisha viungo vya ndege miaka sita, na hawezi kusema kifua.

Okal ilimshinda. "Andika tu hapo tumb—"

Nilimziba mdomo na faili lake mwenyewe. Akaongea ndani ya faili mpaka urefu wa magari mawili.

"Boss," akasema nilipomwachilia, "hii ni mateso. Mtu anajaza fomu vibaya mbele yangu na sisemi kitu."

"Hujui kama ni vibaya."

"Ndiyo mateso yenyewe!"

Nyuma yetu walikuwa wanapiga honi kwa mkono mzima. Dereva mmoja wa Mombasa aliuliza kama bwana huyu anaandika wasia. Tukafika kwenye kizuizi, gari la Kiprono likawa la kwanza, na bado alikuwa anaandika. Ofisa wa kastam, Josphat, kijana mtaratibu mwenye muhuri mkononi, akanyoosha mkono dirishani bila kuangalia. Kiprono akaweka nukta, akakusanya, akampa rundo lote. Lote.

Josphat akapiga muhuri wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne akapiga halafu ndiyo akasoma. Akasoma tena. Akainua kichwa.

"Huu ni mzigo gani? Hauko kwenye manifesti."

"Huo ni wa madam," Kiprono akasema, anaonyesha na kidevu.

"Tafadhali, nirudishie," Apeduno akasema.

"Mwalimu, nimeshapiga muhuri. Lazima nijue nimepitisha nini." Na kwa ile sauti yake ya serikali, mbele ya honi zote za Malaba, akasoma:

"Mimi Kiprono dereva. Jumamosi saa nne nilikuwa chini ya gari nafunga spring ya nyuma, kichwa iko nje. Juu yangu iko tawi, karibu. Ndege ndogo ikakuja. Mgongo sikuona. Kutoka mdomo mpaka kifua ni ndimu. Hapo ikakatwa. Kutoka hapo mpaka mkia ni nyeupe, nyeupe ya shati ya shule Jumatatu. Pale imekatwa ni sawasawa, kama fundi wa rangi ya gari amepiga njano, akabandika gazeti, akapiga nyeupe. Kama hiyo njano ingekuwa ya kumwagika, ingeenda mpaka chini, lakini hapana. Bawa ni kubwa kwa mwili yake. Miguu sikuangalia. Ilikamata mdudu, ikakula, ikaenda upande ya Uganda. Sijui jina yake."

Josphat akageuza karatasi kuona kama kuna nyuma. "Hiyo ndiyo yote?"

Apeduno alikuwa ameshika baisikeli kwa mikono miwili na alikuwa anatingisha kichwa juu na chini, juu na chini. Mimi nikachukua ile karatasi kwa niaba yake. Nilikuwa na pumzi ya kumwambia Josphat kwamba ndege hana ushuru, na yeye akaniambia hiyo ataangalia kwenye kitabu.

"Madam, nimefaulu?" Kiprono akauliza kutoka juu.

"Nenda," Apeduno akasema mwishowe. "Nenda salama, ndugu yangu. Nenda kabla sijalia mbele ya wanafunzi wangu." Hakukuwa na mwanafunzi hata mmoja hapo. Lori likapita kizuizi, likavuka, na mkono wa Kiprono ulikuwa nje ya dirisha mpaka likapinda.

Okal aliomba kitu kimoja tu: aiangalie ile karatasi kwa karibu. Aliushika ule muhuri wa kastam, kumi na tatu Oktoba, sahihi, wino haujakauka, na nikaona amepata amani kidogo. Alisema miaka kumi na moja hajawahi kuona karatasi tatu zisizokubaliana namna hiyo zikienda Nairobi kwenye bahasha moja. Lakini stempu alibandika yeye.

Mwalimu alifika darasani saa nane na nusu. Mkuu wa shule alimuuliza alikuwa wapi, akajibu alikuwa kastam, na kwa sababu ilikuwa kweli hakuwa na la kuongeza.

Barua ilikuja wiki ya pili ya Desemba. Aliileta ofisini kwangu Bukhayo bila kuifungua, kilomita zote hizo kwa baisikeli, jasho mpaka kwenye viatu. Akaiweka juu ya sampuli zangu za pamba.

"Fungua wewe," akasema.

Nikafungua. Nikasoma kimya kwanza, na nilimchelewesha kidogo, nakiri, kwa kukunja uso kama daktari.

"Bwana Kilimo! Nitakupiga na pampu ya baisikeli!"

Basi nikamsomea. Kamati imekubali. Ndege wa Malaba wa tarehe kumi na moja Oktoba ataingia kwenye orodha ya mwaka, chini ya majina ya Apeduno, Kiprono na Makokha. Walishukuru kwamba shahidi mmoja alikubali wazi kuwa hakuona tumbo, na wengine wawili walieleza mpaka wa njano na nyeupe kila mmoja kwa lugha yake. Waliuliza, kwa heshima, Bwana Kiprono amesomea wapi. Na kwa ndege wa sabini na nne, waliomba Bibi Apeduno awatumie tena zile kurasa nne, wangependa kuzisoma vizuri zaidi.

Akakaa chini. Akaomba maji, akanywa, akaomba tena.

"Soma tena hapo mwisho."

Nikasoma hapo mwisho.

"Soma tena yote."

Nikasoma yote. Nilipofika kwenye jina lake nikasimama, nikakohoa kidogo, nikaendelea kwa sauti ya redio: "Bibi Apeduno, mwenye macho ambayo Afrika Mashariki yote haijapata kuona mfano wake—"

"Hiyo haiko."

"Haiko," nikakubali.

"Soma yenye iko."

Nikasoma yenye iko.